Miezi minane Ulaya au ajira ya kudumu nyumbani?

BARUA

Shikamoo kocha,

Nakuandikia kwa sababu kila ninayemuuliza hapa nyumbani ananijibu kwa kunipenda au kwa kuniogopea. Sijapata anayenijibu kwa kuijua kazi yenyewe.

Nina miaka 25, urefu wangu ni sentimita 188 na nacheza namba moja, yule anayeuongoza mchezo na kugawa mpira. Kikapu nilijifunzia Mirongo hapa Mwanza, nikaenda Dar es Salaam nikacheza ligi misimu mitatu, na mwaka jana nikapata timu nchi jirani. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kulipwa ili nicheze tu, bila kushinda kutwa kwenye kibanda cha miamala. Miezi mitatu ya mwanzo walinilipa vizuri. Miwili ya mwisho hawajanilipa hadi leo. Nikipiga simu naambiwa mfadhili kachelewa.

Mwezi uliopita kuna mtu alinitafuta Instagram baada ya kuona vipande vyangu vya video. Anasema ni wakala. Ameniletea mkataba wa klabu ya daraja la pili, Ulaya Mashariki, kuanzia Septemba hadi Aprili. Mshahara euro 900 kwa mwezi, nyumba nitakaa na wachezaji wenzangu wawili, na mlo mmoja kwa siku kwenye mgahawa wa mdhamini. Tiketi ya kwenda nijinunulie, klabu itanirudishia "baada ya mchezaji kuthibitishwa". Wakala mwenyewe anataka dola 700 kabla ya mwisho wa mwezi huu, za kufungulia faili na kushughulikia viza. Anasema kuna vijana wengine wawili wanaingoja nafasi hiyohiyo, nikichelewa imekwenda.

Kuna jambo jingine. Ile klabu ya mwaka jana inasema shirikisho la kule halitatoa barua ya kuniruhusu kuhama mpaka nisaini karatasi kwamba siwadai kitu. Wakala ananiambia nisaini tu, vijisenti hivyo visinipotezee Ulaya.

Upande wa nyumbani, taasisi moja yenye timu imeniita. Ni ajira ya kudumu. Mshahara si mkubwa lakini upo kila mwezi, kuna bima na pensheni, na ligi nitacheza. Wanataka jibu ndani ya wiki mbili. Baba mdogo anasema nikiikataa nisimwendee tena na shida. Mama yeye anataka niende. Yuko tayari kuuza kiwanja cha Buswelu alichokiacha marehemu baba ili nipate hizo dola na nauli. Majirani wameshaanza kuniita "mtu wa Ulaya" na bado hata pasi ya kusafiria sijaibadilisha.

La mwisho ndilo gumu zaidi. Mchumba wangu ana ujauzito wa miezi minne. Habari za Ulaya sijamwambia.

Nitume jibu lolote, hata kama litaniuma. Na uniambie ukweli: mtu wa 188 kama mimi anaweza kufika wapi?

Namba Moja, Mwanza


JIBU

Marahaba mdogo wangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na zile kurasa tano za mkataba ulizozipiga picha nimekaa nazo hadi usiku. Kabla ya yote: kiwanja cha Buswelu kisiuzwe. Mwambie mama leo. Hata mambo yote yakienda sawa, hakuna hatua ya safari hii inayohitaji kiwanja.

Sasa huyo wakala. Mtu anayewahamisha wachezaji wa kikapu kutoka nchi moja kwenda nyingine anatakiwa awe na leseni ya FIBA, shirikisho la kikapu la dunia. Orodha ya wenye leseni iko wazi kwenye tovuti yao, unaandika jina, unalikuta au hulikuti. Hiyo ni kazi ya dakika mbili na bando la shilingi mia tano. Kanuni hizohizo zinasema malipo yake yasizidi asilimia 10 ya mshahara wako, na kwa kawaida klabu ndiyo inayomlipa. Piga hesabu. Euro 900 mara miezi minane ni 7,200. Asilimia 10 yake ni 720, tena kwa msimu mzima, tena inalipwa kadiri wewe unavyolipwa. Yeye anataka dola 700 ukiwa bado uko Mwanza. Kwa maneno mengine, anadai karibu ujira wake wote kwa kazi ambayo haijafanyika, kutoka kwa mtu ambaye hajalipwa senti.

Na "kushughulikia viza" usidanganyike nako. Ukienda kufanya kazi, mwenye kuanzisha kibali ni mwajiri, yaani klabu. Wewe unapeleka makaratasi ubalozini na kulipa ada ya ubalozi. Ikiwa anapanga kukupeleka kwa viza ya matembezi "halafu mengine tutayamalizia kule", kataa hapohapo. Viza ya namna hiyo katika nchi za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia viza moja, inakupa siku 90 ndani ya siku 180 na haikuruhusu kuajiriwa. Nimeona vijana waliokwenda hivyo. Wanafanya mazoezi na timu miezi miwili, siku ya mechi wanakaa jukwaani na mashabiki, na siku zikiisha wanarudi hawana hata mechi moja iliyoandikwa jina lao.

Wale vijana wawili wanaoingoja nafasi, hata mimi niliambiwa wapo, miaka mingi iliyopita. Nadhani ni walewale. Hawazeeki.

Hata hivyo sisemi ni tapeli. Mawakala wengine ni wachapakazi waliojifunza njia mbaya, na klabu inaweza kuwa ya kweli hata kama aliyeileta ana tamaa. Itafute klabu hiyo kwenye tovuti ya ligi ya nchi ile. Waandikie kwa anwani utakayoikuta huko, usitumie ile aliyokupa yeye. Uliza jina la kocha, omba mzungumze kwa video. Kocha anayekutaka kweli atakuwa na maswali: unachezaje na mrefu anapokuja kukuwekea skrini (anaposimama njiani kukuzuia usimfuate mtu wako), goti lako likoje, umezoea kufanya mazoezi mara mbili kwa siku? Kocha asiyejua hata unacheza namba ngapi hakukuchagua. Kuna mtu alimuuzia jina.

Tuje kwenye ile barua ya ruhusa, maana hapo wanataka kukuchezea mchana kweupe. Kwa kuwa mara ya mwisho ulisajiliwa nchi jirani, barua inatoka kwa shirikisho la kule, haitoki kwetu. Hilo ni kweli. Ila shirikisho lina sababu moja tu ya kuinyima: kwamba bado una mkataba hai na klabu ya kule unaovuka tarehe ya kuhama. Mkataba wako uliisha. Deni kati yako na klabu si sababu, iwe wewe unawadai au wao wanakudai. Klabu mpya ndiyo inayopeleka ombi kupitia shirikisho la nchi yake, na shirikisho la zamani linapewa muda mfupi wa kujibu. Wakikaa kimya au wakikataa bila sababu, jambo linafika FIBA na FIBA yenyewe inaweza kukuruhusu.

Kwa hiyo usisaini. Karatasi ya "sidai chochote" ndiyo wanayoihitaji, maana siku ukiisaini deni limekufa na wewe ndiye uliyelizika. Andika barua pepe fupi ya heshima kwa klabu, nakala kwa shirikisho la kule: mkataba wangu uliisha tarehe fulani, nadai mishahara ya miezi fulani na fulani, naomba mnilipe, na naomba barua yangu ya ruhusa isifungamanishwe na deni hili. Ambatanisha mkataba na taarifa ya benki. Fedha zenyewe huenda usizione mapema, nisikufiche. Ila barua pepe yenye tarehe ni ushahidi, na simu ulizopiga si ushahidi.

Mkataba mpya. Mshahara, nyumba, mlo, hayo ni ya kawaida kwa daraja la pili, si mabaya sana. Tatizo liko ukurasa wa nne, ambao nina hakika uliupita haraka kwa sababu umeandikwa kwa herufi ndogo na Kiingereza chake kimepinda. Una sentensi tatu.

Ya kwanza inasema klabu inaweza kuuvunja mkataba "wakati wowote" mchezaji asiporidhisha kiufundi. Hiyo inaufanya mkataba wa miezi minane uwe mkataba wa wiki mbili unaojirudia. Mikataba mizuri inafanya hivi: unafika, unapimwa afya ndani ya siku mbili tatu, ukipita mshahara wako wa msimu mzima umehakikishwa. Ukicheza vibaya wanaweza kukuweka benchi au hata kukurudisha nyumbani, lakini fedha ni zako. Klabu ndogo hazipendi kutoa uhakika wa msimu mzima. Basi omba uhakika hadi mwisho wa Desemba, na baada ya hapo wakikuacha wakulipe mwezi mmoja. Wengi wanakubali hapo.

Ya pili inasema mshahara unaanza "baada ya usajili kukamilika". Usajili unangoja barua ya ruhusa na kibali cha kazi. Unaweza ukafanya mazoezi Septemba yote na nusu ya Oktoba bure. Andikeni tarehe. Na tiketi hiyo "baada ya kuthibitishwa" iondoke kabisa: klabu inunue tiketi ya kwenda na ya kurudi. Klabu isiyoweza kununua tiketi moja ya ndege itakulipaje mwezi wa Februari?

Ya tatu inapeleka migogoro kwenye mahakama ya mji ule. Utamlipa nani wakili, kwa lugha gani? Tangu 2007 kuna baraza la usuluhishi lililoanzishwa na FIBA kwa ajili ya migogoro kama hii. Linaitwa BAT na makao yake ni Geneva. Msuluhishi mmoja anasoma makaratasi ya pande zote na kuamua kwa haki na usawa, mara nyingi bila mtu kusafiri. Klabu ikikaidi uamuzi wake inaweza kuzuiwa kusajili wachezaji wapya, na hapo ndipo marais wa klabu wanapokumbuka walikoweka funguo za sefu. Lakini BAT haikusikilizi mpaka mkataba wako uwe na kifungu kinachoitaja. Maneno ya kifungu hicho wameyaweka kwenye tovuti yao, unayanakili tu. Niwe mkweli pia: kufungua shauri kuna ada, na kwa deni la mishahara miwili midogo gharama zinaweza kukaribia unachodai. Faida kubwa ya kifungu ni kwamba klabu inajua kipo.

Ongeza na sentensi ya nne, mshahara ukichelewa. Wengi huandika hivi: ukipita siku 15 una haki ya kuacha mazoezi na mechi bila kuadhibiwa, ukipita siku 30 una haki ya kuondoka na deni likabaki palepale. Mimi mkataba wangu wa kwanza haukuwa nayo. Mji ulikuwa mdogo, theluji hadi magotini, na rais wa klabu alikuwa na neno moja tu la Kiingereza alilolijua sawasawa, nalo lilikuwa Ijumaa. Ukimuuliza mshahara, Ijumaa. Umeme wa nyumba umekatwa, Ijumaa. Ilipofika Machi nilikuwa namdai Ijumaa kumi na moja. Nilipotaka kuondoka wakaniambia ukiondoka umevunja mkataba wewe. Nikabaki, nikacheza hadi mwisho kwa kifundo cha mguu kilichovimba, kwa sababu hata tiketi ya kurudi ilikuwa mikononi mwao.

Nilirudi, nikaenda tena mwaka uliofuata nchi nyingine. Nimefanya hivyo misimu sita, nchi nne. Sikuwahi kuwa nyota. Nakuambia hivi ili ujue jibu la swali lako la mwisho linatoka wapi.

Nyumbani wakisikia "anacheza Ulaya" wanaona mtu aliyefika. Kazi yenyewe ni kibarua cha miezi minane, kisha miezi minne ya kuitazama simu, kisha kibarua kingine, pengine nchi nyingine na lugha nyingine. Zile euro 7,200 ukizigawa kwa miezi kumi na miwili zinakuwa 600 kwa mwezi, na hapo hatujauliza kama 900 ni kabla ya kodi au baada yake (uliza). Ukiahidi nyumbani kwa hesabu ya 900, kuanzia Mei utakuwa unakopa ili utume. Ahidi kwa hesabu ya 600, na uahidi nusu yake.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwenye kikapu cha nje jembe unapewa siku ya kwanza, ukiwa bado na usingizi wa ndege. Mzawa akikosa mitupo minane anaambiwa ni usiku mbaya. Wewe mgeni ukikosa minane mechi tatu mfululizo, wakala wa mwenzako keshapigiwa simu. Hawana chuki na wewe. Ligi nyingi zinabana idadi ya wageni. Ujerumani, kwa mfano, ligi kuu inataka nusu ya wachezaji kumi na wawili wa mechi wawe Wajerumani. Nafasi ya mgeni ni ghali, na anayeikalia lazima amzidi mzawa kwa macho ya kila mtu.

Ndiyo maana mkataba wa kwanza usiupime kwa euro peke yake. Upime kwa utakachotoka nacho Aprili: dakika ulizocheza, video za mechi nzima (vipande vya Instagram vinaonyesha mipira iliyoingia tu, kila kocha anajua hilo), takwimu zilizoandikwa na ligi, na kocha mmoja ambaye akipigiwa simu na kocha mwenzake atasema huyu kijana anafika mazoezini mapema na halalamiki. Nilipata mkataba wangu wa tatu kwa simu ya namna hiyo. Pointi zangu mwaka ule zilikuwa za kawaida sana.

Sasa hiyo 188. Watu wa kwetu waliofika juu kabisa unawajua. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam ana mita 2.21. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies walimchukua wa pili kwenye drafti ya NBA, siku klabu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Pamoja na hayo, msimu uleule wa kwanza alishushwa ligi ya maendeleo. Akapita Houston, Portland na Oklahoma City, na baada ya NBA akacheza Japani na Taiwan. Bismack Biyombo wa Lubumbashi alipita Yemen akiwa kijana mdogo, akaenda Hispania kwenye klabu ya Fuenlabrada, ndipo akachaguliwa wa saba mwaka 2011, na hata hapo kujitoa kwenye mkataba wa Hispania kulileta mvutano. Sisi tunakumbuka siku ya kofia na suti tu, ile ya kuchaguliwa.

Hao ni warefu. Urefu haufundishwi, kwa hiyo klabu inaufuata popote ulipo, hata mwenyewe akiwa bado hajui kudaka mpira. Namba moja wamejaa. Marekani ina vyuo zaidi ya 350 vya daraja la kwanza la kikapu, kila mwaka wanamaliza humo wachezaji wengi, na drafti ya NBA haina zaidi ya nafasi 60 kwa dunia nzima. Wanaobaki wanatafuta kazi kuanzia Ureno hadi Ufilipino. Kocha wa klabu yako hiyo ya daraja la pili, mwenye nafasi mbili za wageni, kwenye meza yake ana majina ya Wamarekani wenye 188 kama wewe, wenye miaka minne ya chuo na video za mechi za televisheni. Halafu kuna wewe.

Usikate tamaa, ila ujue unauza nini. Kufunga, hao wanafunga. Nilivyoona mimi, namba moja wa Afrika anayedumu nje anadumu kwa vitu vitatu: anamkaba mwenye mpira uwanja mzima dakika thelathini, anafunga pointi tatu akiachwa peke yake, na hapotezi mpira. Kocha wa Ulaya atakusamehe mtupo uliokosa. Ukipoteza mpira mara tano kwenye mechi moja, ya sita utaitazama kutoka benchi. Kwenye video zako nimehesabu. Unakaba vizuri sana. Mkono wa kushoto hauna kazi, na kila mtu aliyekutazama kwa dakika kumi ameliona hilo.

Jambo ambalo wakala wako hakukuambia, labda halijui: pasi ya kusafiria ya Tanzania ina thamani mahali pamoja. Hispania, kwa miaka mingi, wachezaji wa nchi zilizokuwa kwenye mkataba wa Cotonou, ule wa ushirikiano kati ya Umoja wa Ulaya na nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki, na sisi tulikuwamo, hawakuhesabiwa kwenye zile nafasi chache za wageni wa nje ya Ulaya. Wenyewe wanawaita tu "Cotonou". Wakala mwenye leseni anayefanya kazi Hispania atakueleza kanuni za msimu huu zikoje. Kama bado ni zilezile, huko nafasi yako haigombaniwi na kila Mmarekani.

Na usidharau ya karibu. BAL, ligi ya klabu za kikapu za Afrika, ilianza Kigali mwaka 2021, na kanuni za msimu ule wa kwanza ziliiruhusu kila timu wageni wanne, wasiozidi wawili kutoka nje ya Afrika. Hesabu mwenyewe zinazobaki. City Oilers ya Uganda imefika kule, Nairobi City Thunder ikafika 2025, ya kwanza kutoka Kenya. Hao wanalijua jina lako au kocha wao anamjua kocha wako. Timu ya taifa nayo ukiitwa nenda, hata posho ikiwa ya kusikitisha. Februari 2021, pale Yaoundé, Kenya iliifunga Angola 74 kwa 73, Angola iliyokuwa imeshatwaa Afrika mara 11, na aliyetupa mpira wa mwisho ni Tylor Ongwae, wakati huo akichezea Bakken Bears ya Denmark. Mtupo mmoja ule uliwafikia makocha wengi kuliko msimu mzima wa daraja la pili.

Basi, uende au usiende? Kwa karatasi zilivyo leo, chukua ajira. Sisemi hivyo kumfurahisha baba mdogo wako. Mkataba ulionitumia unakupa hatari zote na klabu haina hata moja.

Lakini una wiki mbili, na wiki mbili zinatosha. Waandikie klabu moja kwa moja, uwaombe zile sentensi tatu zibadilishwe na ya nne iongezwe, tiketi wanunue wao, kibali cha kazi waanzishe wao, na malipo ya wakala yabaki kati yake na wao. Andika kwa adabu, bila vitisho. Wakikubali kwa maandishi na kocha akazungumza nawe, nenda. Una miaka 25. Ukiwa na 28 bila mechi moja ya Ulaya hutaitwa tena, na ajira, hata kama si hiyo, zipo kwa mtu wa 30 aliyecheza nje. Wakikataa au wakikaa kimya, saini ya taasisi bila kinyongo, na ule mkono wa kushoto uanze kazi Jumamosi hiihii. Kuwaomba taasisi wakusubiri hadi Mei usijaribu. Kuna kijana mwingine wa Mwanza anayeihitaji nafasi hiyo, na yeye yupo kweli.

Mchumba wako. Miezi minne sasa, maana yake mtoto anakuja Desemba, msimu ukiwa katikati, na hakuna klabu ya daraja la pili itakayompa mgeni ruhusa ya wiki mbili mwezi huo. Mimi binti yangu wa kwanza nilimwona ana miezi mitano. Alinililia usoni, akamkimbilia shemeji yangu. Siwezi kukuambia kama ilistahili. Ninachojua ni kwamba mama yake alijua tangu siku ya kwanza, alikubali mwenyewe, na tulipanga pamoja atakaa kwa nani na atajifungulia wapi. Wewe majirani wameshapata habari na yeye bado. Ongea naye kabla hujamwandikia mtu yeyote wa Ulaya, na mwoneshe ukurasa wa nne pia. Anaweza kuuliza swali ambalo mimi na wewe hatukulifikiria.

Barua ya klabu itume Jumatatu asubuhi. Ukiituma mwisho wa wiki watakujibu Ijumaa.